Datsun 620 ya 1974, bajeti finyu: shajara ya matengenezo

Kabla ya kununua

Nissan iliunda pikapu ya Datsun 620 kuanzia 1972 hadi 1979. Hii ni ya 1974: injini L16 ya cc 1595, gia nne, breki za drumu mbele na nyuma, torsheni baa (fito za chuma zinazojisokota badala ya springi) mbele, springi za mapande nyuma. Imelala miaka sita. Haikuchaguliwa kwa sura, ingawa sura inayo. Injini za ukoo wa L zilifungwa kwenye magari mengi ya Nissan ya miaka ya 1970, kwa hiyo gasketi, cheni na valvu bado zinapatikana. Tena hakuna kompyuta. Kikiharibika kitu, kinaonekana kwa macho au kinapimika kwa geji.

Fedha yote imegawanywa mafungu kumi: matatu bei ya gari, mawili breki na matairi, mawili injini, mawili kutu na rangi. Fungu la kumi halina jina na haliguswi hadi gari litembee. Wengi humaliza mafungu sita kununua pikapu inayong'aa, halafu hugundua kilichokuwa kinang'aa ni puti (kijazio cha kufichia mashimo ya bodi).

Sheria ni moja tu: hainunuliwi spea ambayo sehemu yake haijafunguliwa na kupimwa.

Ukaguzi umefanywa kwa smaku ndogo iliyozungushiwa kitambaa na bisibisi butu. Smaku inatelezeshwa kwenye bodi kuanzia chini. Inaposhika kwa uvivu au kudondoka, chini yake kuna puti. Hapa imedondoka pembe zote mbili za nyuma za kabini, chini ya mlango. Bisibisi ni ya kupimia chesi (fremu ya chini ya gari): sukuma kwa nguvu ya mkono, hasa zinaposhikiwa springi za nyuma na chini ya kabini ambako tope hukaa. Imezama sehemu moja tu, sm 4 mbele ya kishikio cha springi ya nyuma kushoto. Hiyo inatengenezeka. Ingezama sehemu tatu au nne, ungekuwa wakati wa kushukuru na kuondoka.

Zulia la mpira upande wa dereva limeinuliwa: matundu mawili, moja ukubwa wa kiganja. Tundu la sakafu haliletwi na maji ya barabarani peke yake. Mfereji ulio chini ya kioo cha mbele ulikuwa umejaa majani yaliyooza, na maji yakakosa pa kutokea isipokuwa ndani. Sakafu ikizibwa kabla ya mfereji, itatoboka tena.

Wiki ya 1

Injini iliyolala haiamshwi kwa stata. Ringi zikiwa zimegandana na kuta za silinda, stata inazivunja. Plagi zote nne zimetolewa, kila silinda ikapewa mililita 10 hivi za ATF (mafuta ya gia otomatiki) na dizeli, nusu kwa nusu, ikaachwa siku mbili. Kisha spana kwenye boliti ya puli ya krankshafti (mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni): robo mzunguko mbele, rudi, mbele tena. Mwanzoni iligoma, baadaye ikalegea yenyewe bila kulazimishwa. Ilipozunguka mara kumi kwa mkono ndipo betri ikafungwa, na kitambaa kikawekwa juu ya matundu ya plagi, maana ule mchanganyiko hurushwa nje kwa kishindo na hautoki kwenye nguo.

Kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda): plagi zote nje, betri imejaa, pedali ya mafuta imekanyagwa hadi chini ili kabureta iachie hewa, mizunguko sita kila silinda. L16 yenye afya inatoa takriban psi 170. Majibu ni 150, 148, 72, 70.

Namba hizi hazihitaji kupigiwa ramli. Silinda mbili jirani zikishuka pamoja, tena karibu sawa, gasketi ya hedi (kizibo kati ya kichwa cha injini na bloku) imeungua kati yao na presha inahama kutoka moja kwenda nyingine. Kuhakikisha, kijiko kimoja cha oili kimemiminwa silinda ya 3 na kipimo kikarudiwa. Zingekuwa ringi, namba ingeruka juu sana. Imetoka 72 hadi 76 tu. Oili iliyomwagwa ilikuwa nyeusi lakini haikuwa na rangi ya maziwa, maana yake maji hayajaingia.

Kwenye rejeta yametoka maji ya rangi ya chai. Maji matupu, bila kulanti (dawa ya rejeta). Hedi ya L16 ni ya aluminiamu na bloku ni ya chuma. Maji matupu yakizunguka kati ya metali hizo mbili, kinachoanza kuliwa ni aluminiamu, kwenye kingo za matundu ya maji, pale pale gasketi inapokaa.

Wiki ya 2: kufungua hedi

Kabla ya kugusa boliti yoyote, kabari. Ubao mgumu wa urefu wa sm 25 hivi, mnene juu na mwembamba chini, una tundu kichwani na kamba imara imefungwa humo. Silinda ya 1 inapelekwa juu kabisa huku valvu zake zote mbili zimefunga. Cheni na gia ya kamshafti (mhimili unaofungua valvu) zinawekwa alama ya rangi nyeupe, pingili moja kwa jino moja. Kabari inashushwa kati ya pande mbili za cheni na kugongwa kidogo kwa mpini wa nyundo hadi iume. Kamba inabaki nje, ikiwa imefungwa kwenye kitu.

Kikaza cheni cha injini hii ni pistoni ndogo inayosukumwa na springi na presha ya oili. Cheni ikilegea dakika moja tu, pistoni inatoka yote. Kuirudisha kunataka kufungua mfuniko wa cheni, na mfuniko hautoki mpaka rejeta itoke, puli itoke na sampu (bakuli la oili) ilegezwe. Kazi ya asubuhi moja inakuwa ya siku mbili kwa kukosa kipande cha ubao.

Mtego wa pili umejificha mbele: boliti mbili ndogo za M6 zinazoshika hedi na mfuniko wa cheni. Zimezungukwa na uchafu na hazionekani vizuri. Anayezisahau huinua hedi, ikigoma huleta mtaimbo, na mfuniko unapasuka. Hedi isipoinuka kwa kugongwa na nyundo ya mpira, rudi uhesabu boliti.

Boliti kubwa zinafunguliwa kwa alenki (ufunguo wa pembe sita) ya mm 10, kuanzia pembeni kuingia katikati, kila moja robo mzunguko kwanza. Hazina urefu mmoja, kwa hiyo zimechomekwa kwenye kadibodi iliyotobolewa kwa mpangilio wa hedi yenyewe. Viti vya kamshafti havikuguswa. Vimelinganishwa vikiwa pamoja, na kimoja kikilegezwa kamshafti inaweza kubana.

Gasketi imethibitisha: utepe kati ya 3 na 4 umekatika na kuwa mweusi kwa upana wa mm 6 hivi. Rula ya chuma iliyonyooka imewekwa kwa urefu, kwa upana na kwa mishazari, filageji (vibamba vyembamba vya kupimia nafasi) ikapitishwa chini. Uso umepinda mm 0.14. Kikomo ni 0.10.

Wiki ya 3 na 4

Hedi imechongwa kwa mashine, mm 0.15 tu, kiasi kilichotosha pia kuondoa vishimo vya kutu kwenye matundu ya maji. Mwenye mashine huwa tayari kutoa nusu milimita “ili itoke safi”. Kataa. Kila unachochonga kinaishusha kamshafti karibu na krankshafti, cheni inapata ulegevu zaidi, na ufungukaji wa valvu unachelewa.

Valvu zimesagwa kwenye viti vyake kwa dawa laini. Kipimo cha bure kabisa: hedi inageuzwa, petroli inamiminwa kwenye njia za hewa na za moshi, inasubiriwa dakika tano. Valvu ya moshi ya silinda ya 3 ilitoa unyevu ukingoni, imesagwa tena. Sili za shina za valvu zimewekwa mpya zote nane, kwa sababu ni rahisi na za zamani zilikuwa ngumu kama kucha.

Uso wa bloku umesafishwa kwa kisu cha kukwangulia, si kwa diski ya msasa kwenye drili. Chembe za msasa zinaingia kwenye oili na kula beringi. Matundu ya boliti yamekaushwa kwa upepo. Oili au maji yakibaki chini ya tundu, boliti ikikazwa yanakosa pa kwenda na bloku inaweza kupasuka. Gasketi imewekwa kavu, bila gundi. Boliti zimekazwa kutoka katikati kwenda nje kwa hatua tatu: Nm 40, kisha 60, kisha 75.

Taimingi ya kamshafti imeangaliwa upya, na hapa ndipo uchongaji ulipojionyesha. Gia ya kamshafti ina kipengo cha alama, na bamba lililo nyuma yake lina mfuo. Silinda ya 1 ikiwa juu, kipengo kinatakiwa kikae upande wa kulia wa mfuo. Kilikuwa kimehamia kushoto: cheni imerefuka kidogo na hedi imeshuka kidogo, vyote vinavuta upande mmoja. Gia ina matundu matatu ya pini yenye namba. Imehamishwa kutoka tundu la 1 hadi la 2 na kipengo kikarudi mahali pake. Bila kuangalia hili injini ingewaka, ila ingekuwa mvivu mlimani na kabureta ingesingiziwa.

Valvu zimesetiwa injini ikiwa baridi: mm 0.20 za hewa, 0.25 za moshi. Spana ya 17 kwa nati ya kufungia, ya 14 kwa egemeo. Ikipata moto zitaangaliwa tena kwa 0.25 na 0.30. Kwenye shaka, acha ilegee kidogo. Valvu iliyolegea inapiga kelele tu. Iliyobana ni kimya, na kimya hicho kinaichoma.

Kwa atakayeshusha pampu ya oili ya L16: ndiyo inayobeba mhimili unaozungusha distributa (kigawa moto wa plagi). Ikirudishwa ovyo, taimingi yote inapotea. Ulimi wa mhimili, ukitazamwa kutoka juu silinda ya 1 ikiwa juu, unakaa kama mstari unaotoka namba 11 kwenda karibu na namba 5 kwenye uso wa saa. Hapa pampu haikuguswa.

Wiki ya 5: moto wa kwanza

Tenki limetolewa. Petroli ya miaka sita ina harufu ya vanishi na imeacha gundi chini. Limeoshwa kwa maji ya moto na sabuni, kisha likajazwa maji yenye asidi ya sitriki, gramu 100 kwa lita, saa 24. Kutu imetoka kama matope. Limesuuzwa kwa maji ya magadi soda na kukaushwa siku hiyo hiyo, vinginevyo kutu mpya inaanza ndani ya saa chache. Hakuna tundu, na ni bahati. Tenki la petroli halichomelewi nyumbani hata likioshwa mara kumi. Mvuke hubaki kwenye mikunjo na kulipuka.

Kabureta ni Hitachi ya koo mbili. Jeti (vitundu vya kupitishia petroli) zimezibuliwa kwa uzi wa nailoni. Waya unazikwaruza, tundu linapanuka na ulaji wa mafuta haurudi tena kuwa wa kawaida. Kabureta hii ina kidirisha cha kioo kwenye chumba cha boya, kwa hiyo kimo cha petroli kinaonekana bila kufungua kitu.

Nafasi ya pointi (swichi ndogo ndani ya distributa) mm 0.5, ya plagi mm 0.8, mpangilio wa moto 1-3-4-2, na rota inazunguka kinyume cha saa. Hapo wengi hukosea waya za 3 na 2 na injini inapiga makombora kwenye kabureta.

Imewaka. Halafu ikazima papo hapo ufunguo ulipoachiwa. Mara tano, vile vile: inawaka stata ikizunguka, inakufa ufunguo ukirudi. Dalili hii ina jina lake. Koili inapata umeme kwa njia mbili: wakati wa stata moja kwa moja, baada ya hapo kupitia rezista. Rezista ikikatika, njia ya pili haipo. Mita imeonyesha hakuna njia kabisa. Nzima ingetoa ohm 1.6 hivi. Kuiruka kwa kipande cha waya kunafanya injini iende, na kunaunguza pointi. Imenunuliwa mpya, ni spea ya bei ndogo kuliko plagi nne.

Dakika ya 12 geji ya joto imepanda karibu na nyekundu huku hosi ya juu ya rejeta ikiwa baridi. Si gasketi tena. Ni hewa iliyonaswa chini ya thermostati: thermostati ya nyuzi 82 haifunguki ikiguswa na mvuke jinsi inavyofunguka ikiguswa na maji. Injini imezimwa ikapoa, pua ya gari ikainuliwa kwa jeki na stendi, bomba la hita likafunguliwa, hosi zikaminywa kwa mkono mfuniko ukiwa wazi. Imemeza lita 1.3 zaidi. Thermostati imetobolewa kitundu cha mm 2 kwenye ukingo, kikielekea juu, ili hewa isinaswe tena. Kulanti ni nusu kwa nusu na maji yaliyochujwa chumvi.

Wiki ya 6 na 7: breki na kingpini

Fungu hili halipunguzwi. Drumu mpya ni mm 254 kwa ndani na kikomo ni 255.5. Za mbele zimepima 254.6 na 254.7, zinabaki. Ya nyuma kulia ni 255.8, imetupwa. Silinda ndogo za magurudumu zilikuwa na vishimo vinavyokwama kwenye ukucha. Kubadilisha mipira pekee kwenye silinda yenye vishimo ni kununua uvujaji wa mwezi ujao. Mpya zote, na mabomba ya chuma ya nyuma yaliyokuwa na magamba yamebadilishwa pia.

Breki shuu zimesogezwa hadi zikwaruze drumu kidogo, ndipo hewa ikatolewa, kuanzia gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda. Shuu zikiwa mbali na drumu pedali inazama, na fundi anaendelea kutoa hewa isiyokuwepo hadi mafuta ya breki yanaisha.

Gurudumu la mbele kushoto limetikiswa juu na chini: linacheza. Kabla ya kulaumu kingpini (pini ambayo gurudumu la mbele hugeukia), msaidizi akanyage breki na utikise tena. Mchezo ukipotea, ilikuwa beringi. Haukupotea. Bushi za juu zilikuwa kavu kabisa ingawa nipo (chuchu ya kuingizia) ya grisi ilikuwa inapokea, kwa sababu bushi iliyowekwa zamani ilikuwa imezungushwa na tundu lake halikutazamana na la nipo. Grisi ilikuwa inazunguka na kutoka pembeni. Bushi mpya zimeingizwa tundu kwa tundu, zikapanuliwa kwa rima hadi pini ikaingia kwa kusukumwa na kidole gumba.

Torsheni baa zina alama ya kushoto na kulia na hazibadilishani. Hazikutolewa.

Wiki ya 8 hadi 11: kutu

Mfereji wa chini ya kioo kwanza, kama ilivyosemwa. Kisha chesi: palipozama bisibisi pamekatwa hadi kwenye chuma kinachong'aa, kipande cha mm 3 kikaingia, na juu yake bamba la kuimarisha ambalo ncha zake zimekatwa mshazari. Mstari wa kuchomelea ukikata chesi wima, moja kwa moja, hapo ndipo ufa utakapoanzia pikapu ikibeba mzigo. Waya wa betri na wa alteneta zimefunguliwa kabla ya cheche ya kwanza.

Sakafu na pembe za kabini: bati la mm 1, mashine ya kuchomelea ya MIG yenye waya wa mm 0.6. Nukta moja huku, nyingine kule, umbali wa sm 3 hivi, ikipoa ndipo kurudi kujaza kati. Anayevuta mstari mrefu kwenye bati jembamba atapata bati lenye mawimbi, na mawimbi yanadai puti. Puti ibaki chini ya mm 3, ikizidi, itapasuka. Wiki nne zimeliwa na eneo ambalo likikusanywa halifiki nusu ya mlango.

Wiki ya 12

Rangi. Msasa 80 kwenye chuma, 180 kwenye puti, 320 kwenye praima, 400 mwisho. Praima ya epoksi, juu yake rangi ya koti moja isiyohitaji vanishi, kwa sababu ikichubuka inarekebishwa sehemu ndogo. Rangi zenye hadina (kigumishi) ya isosayaneti, kemikali yenye sumu, hazipuliziwi kwa barakoa ya vumbi. Zinataka hewa safi ya bomba. Nta imepuliziwa ndani ya pembe na milango baada ya rangi kukauka.

Wiki ya 13: kilomita 300

Matairi yaliyokuja na gari yana kina kizuri na yametupwa. Tarakimu nne za mwisho ubavuni ni wiki na mwaka wa kutengenezwa, na yalikuwa yamezeeka mno.

Valvu zimesetiwa upya zikiwa moto. Oili imemwagwa mapema, kwa kilomita 300, kutoa kilichoachwa na miaka ya kulala. Kompresheni sasa: 158, 156, 155, 157.

Ikifunga breki inavuta kushoto, na drumu ya mbele kushoto inarudi ya moto. Gurudumu limeinuliwa baada ya kukanyaga: limeshika. Kiungo kati ya bomba la chuma na hosi kimelegezwa. Bado limeshika, basi si masta silinda. Nipo ya kutolea hewa imefunguliwa. Gurudumu likaachia mara moja. Hosi, ambayo ndiyo pekee haikubadilishwa kwa kuwa nje ilionekana mpya, ilikuwa imevimba ndani na kupitisha mafuta upande mmoja. Zote zimebadilishwa, na hiyo ndiyo mara ya kwanza fungu la kumi kuguswa.

Yaliyobaki: sili ya nyuma ya gia inadondosha tone moja kwa usiku, geji ya petroli inasoma robo tenki likiwa nusu, na raba ya kioo cha mbele inasubiri siku kavu.